Namna Bunia Ilivyoipita Dubai

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo nimeshinda Dubai. Kwenye karatasi kwanza, lakini ushindi ni ushindi.

Iko Mulibani mumoja, Monsieur Nassif, anakaa Kampala. Amefika hapa Bunia kutafuta fasi ya kujenga apartema za luxe, za kuuzishia wageni matajiri. Analinganisha miji. Basi na mimi, Zacharie, komisionere wa parsele, yaani dalali wa viwanja, tangu miaka kumi na mmoja (bila kuuzisha hata moja, ila hiyo haimuhusu), nimekaa mezani nikamulinganishia. Dubai: joto la kuua, muchanga, sombe ya majani ya muhogo hakuna. Kigali: safi mno, mutu anaogopa hata kula ndizi njiani. Kampala: magari yamekwama tangu asubuhi. Bunia: hewa ya baridi, dhahabu pale migodi ya Kilo, sombe kila siku. Mustari wa usalama nimeuacha wazi. Wino wa biki uliisha.

Mama Estelle, muke wangu, hakucheka. Amenikumbusha kwamba kaka yake, shemeji Katsuva mwenye depo ya mbao Mambasa, anakuja Jumapili. Shemeji alishasema: kama siku hiyo sijapata mununuzi hata mumoja, napanda naye lori, naenda kulinda mbao zake. Mimi! Mutu wa mipango mikubwa! Nilinde mbao!

Jumatano, 11 Juni

Gustave! Huyo Gustave! Komisionere mwenzangu, mutu wa viatu vya ncha. Amemukamata Monsieur Nassif mbele yangu. Ana tablette yenye picha ya gorofa ya etaji kumi, na asanseri ndani. Yeye mwenyewe hajapanda asanseri tangu azaliwe! Amemuahidi parsele kubwa mutaa wa Mudzipela, watakwenda kuiona Jumamosi magaribi.

Mimi nimepewa dakika tano mbele ya hoteli. Monsieur amesoma karatasi yangu, akauliza mustari wa usalama una nini. Nikamwambia uko kwenye maandalizi. Akauliza tena: kama Bunia ni tamu hivyo, mbona wageni hawanunui?

Nimerudi kwa miguu, roho chini. Karibu nilie. Halafu nikaona ukuta wa jirani: PARSELE HII HAIUZISHWI. Ukuta unaofuata, vilevile. Kila mutu wa hapa anajua sababu. Ukisafiri juma moja bila kuandika hivyo, unarudi unakuta mutu ameuzisha nyumba yako na mununuzi ameshaleta matofali. Lakini Monsieur Nassif hajui! Kwake yeye huu ni muji mzima unaokataa pesa! Dubai wana ukuta hata mumoja wa namna hiyo? Hawana! Zacharie, weye ni mutu wa akili.

Jumamosi, 14 Juni

Salongo, kazi ya usafi ya muji. Watu wote nje wanazibua mifereji. Siku nzuri: mutu mwenye ndoo na burashi siku ya salongo, nani atamuuliza? Nimeandika kuta kumi na saba, toka hoteli mpaka Mudzipela, herufi nyekundu. Mama mumoja mujane amenipa chai, anasema sasa mashemeji zake wanaotaka kuuzisha nyumba yake watatulia. Nimefanya wema bila kukusudia.

Ukuta wa mwisho ulikuwa wa muzee Rachidi. Ningejuaje kama muzee Rachidi anauzisha? Ningejuaje kama ndiyo ile parsele ya Gustave? Magaribi Gustave amefika pale na Monsieur Nassif, akafungua mikono kuonyesha, na rangi bado mbichi: HAIUZISHWI. Muzee mwenyewe alikuwa musikitini, hakuna wa kumutetea Gustave. Monsieur alimuuliza kwa upole kama ana kawaida ya kuuzisha nyumba za watu. Gustave akafunga tablette yake! Nimesimuliwa na watu wa mifereji; natamani ningekuwapo.

Muzee Rachidi ametoka kwenye sala, amekuja moja kwa moja kwangu, ameona vidole vyangu vyekundu. Amesema nitaupaka chokaa ukuta wote, kwa chokaa yangu. Nimekubali. Nilipaka huku naimba.

Jumapili, 15 Juni

Shemeji Katsuva amefika saa tatu. Lori linangoja. Mama Estelle alishafunga mufuko wangu. Nimeomba saa moja tu, nikakimbia hoteli.

Nimemutembeza Monsieur Nassif ukuta kwa ukuta. Alisoma kila ukuta pole pole, nikaanza kutoka jasho. Karibu na kwetu, kabla ya kufika kwa muzee Rachidi, akasimama.

"Dubai wananifuata mpaka chooni ili ninunue," akasema. "Hapa kuta zinanikatalia. Muji ni huu."

Nililia kidogo. Sifichi.

Halafu akasema ameona ukuta mumoja tu usioandikwa, basi huo ndio anaununua. Ulikuwa wa kwetu! Yaani wa Mama Estelle, aliachiwa na baba yake. Kwa haraka zangu zote nilisahau kuuandika. Nikamushika Monsieur mukono palepale, nikamwambia tumepatana.

Mama Estelle alikuwa mulangoni, na kaka yake nyuma yake. Hakupaza sauti.

"Monsieur, hii ni ya baba yangu," akasema. "Sina lazima ya kuandika, niko hapa mwenyewe. Lakini kama unataka kungojea kuta za wengine zibadilishe mawazo, vyumba vya mbele napangisha."

Akakubali, miezi sita! Shemeji Katsuva alishika mufuko wangu, akauliza kama aupakie. Mama Estelle akamwambia auache. Mupangaji atahitaji mutu wa kumuchotea maji.

Jumanne, 17 Juni

Ushindi! Lori limeondoka bila mimi! Mugeni amewekeza Bunia, kwa mukono wangu!

Monsieur Nassif ameshika vyumba viwili vya mbele. Chumba cha nyuma ni cha Mama Estelle na mutoto wetu. Yeye anasema aliyeleta mugeni atajitafutia fasi. Nimejitafutia: jiko la nje. Makaa upande mumoja, mimi upande mwingine. Monsieur anasema Ulaya hiyo inaitwa studio, na inalipiwa sana. Saa kumi na moja asubuhi namuchemshia maji ya kuoga. Gustave amepita leo, ameniona na ndoo kichwani, amecheka mpaka akashika ukuta. Wivu mutupu.

Lakini mutu mukubwa halali usingizi. Monsieur ana rafiki yake Kampala, tajiri naye, anatafuta fasi ya kutulia. Leo nimemwandikia kwamba chumba cha nyuma, dirisha kwenye bustani, kitakuwa wazi mwisho wa mwezi. Mama Estelle bado analala ndani yake. Nitamujulisha.