Ndege wa Chini na Usafi Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Kituo cha msitu kinataka msaidizi mmoja. Tunajaribiwa wawili: mimi na binamu yangu, ambaye nyumbani tunamwita Mjuaji. Nikikosa, nakwenda kuuza vifungo dukani kwa Shangazi, kuchekeana na wateja kutwa nzima. Afadhali msitu. Miti haikuulizi habari za nyumbani.

Mtafiti wa kituo ametueleza tabia za ndege anayemchunguza. Haruki mpaka abanwe. Hutembea chini, hupekua majani makavu, hula wadudu waliojificha humo. Akisikia nyayo, huganda. Nimempenda papo hapo! Tunafanana, ukiondoa wadudu.

Kila mmoja amepewa sehemu yake ya msitu na kamera ya kufunga mtini, inayopiga picha yenyewe chochote kikipita. Wa kwanza kumnasa ndege kufikia Alhamisi, kazi yake.

Jumanne, 4 Machi
Sehemu yangu ni aibu tupu. Majani hadi vifundoni! Mgeni gani hupokelewa hivyo? Nimefagia tangu alfajiri hadi saa nne. Panang'aa. Mjuaji kafunga kamera yake juu ya takataka zilezile, kisha akaja kunicheka: dada, umebakiza kupiga deki tu. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi
Kamera yangu ina picha mia mbili na kumi na nne. Zote ni mimi. Nyingi nimeinama. Mtafiti amezitazama moja moja. Nikaganda. Akaniuliza kama naumwa.

Mjuaji kapata mkia. Mkia mtupu! Mtafiti anataka ndege mzima, ametuongezea siku mbili. Mjuaji kashamwambia mama yake, Shangazi, anitafutie kiti dukani.

Ijumaa, 7 Machi
Mtafiti kaniita pembeni, kwa upole: binti, rudisha majani, bila hayo ndege hana chakula. Nimerudisha magunia sita. Lakini yalivyojaa funza na mchwa! Nimeyakung'uta moja moja, nikayapanga, makubwa kwa makubwa. Mgongo umekufa ganzi.

Jumapili, 9 Machi
Mjuaji kapata ndege mzima, na kazi. Mimi sikupata hata unyoya. Mtafiti aliposikia nilivyoyakung'uta majani, aliketi kwenye gogo akashika kichwa. Kazi yake inachosha.

Sina kinyongo. Kabla ya kuondoka nimepita sehemu ya Mjuaji kumwachia zawadi ya kuanzia kazi. Maskini, kwake wadudu walikuwa pomoni! Sijabakiza hata mmoja.