Klabu ya Magari Vifua Wazi

Jumatatu, 21 Machi 1955. Embu.
Bahati imebisha hodi! Mpishi wa kambi ya askari kaniletea mzigo wa karatasi kuukuu za kufungia nyama. Ndani yake, jarida la magari kutoka Amerika. Na magari gani! Hayana boneti, hayana madigadi, injini nje nje kama kifua cha kijana anayetafuta ugomvi. Sijachana hata ukurasa mmoja. Wawira, mke wa mwalimu, alitaka maini, nikamfungia kwa jani la mgomba. Alinung'unika. Shauri yake.

Nikakimbilia nyuma ya duka kumwonyesha Mutegi. Nikakuta kigoda kitupu. Mutegi fundi, rafiki yangu wa pekee wa kuongea naye habari za kabureta, alichukuliwa kwenye msako mwaka jana. Yuko kambi gani ya kizuizini, hakuna ajuaye. Bado nasahau kuwa hayupo.

Jumatano, 23 Machi.
Kafyu ikianza mtu hana pa kwenda, basi nasoma. Kiingereza changu cha shule kinahema. Nimeelewa hivi: vijana wa huko, wengine wametoka vitani, huokota mikweche ya Ford, huipunguza uzito, huishindanisha kwenye ziwa lililokauka. Mwanzoni kila mmoja alihangaika peke yake gerejini, akidhani wazimu huo ni wake tu. Jarida lilipotoka, wakaonana. Wakajua kumbe ni wengi.

Hapo nikaliweka chini. Niliona upweke sana.

Kisha wazo! Kurasa za nyuma zimejaa klabu. Naanzisha yangu. Mwenyekiti: mimi, Yusuf, muuza nyama. Gari: Ford ya marehemu baba iliyolala uani. Leo nimeng'oa boneti. Kuku wanaoishi ndani wamekataa kuhama. Kasim, mwenye bucha ya ng'ambo ya barabara, kasema kesho nitang'oa mlango wa duka ili nyama iende mbio. Wivu tu.

Ijumaa, 25 Machi.
Baada ya swala nilitoa jarida nje ya msikiti. Watu wakanizunguka, wakacheka, wakaulizana dereva anakaa wapi. Raha iliyoje! Idrisi fundi cherehani akauliza wanachama watafanya nini. Nikawasomea sheria zangu: tukutane nyumbani kwangu jua likizama, kila mmoja ainue mkono, ale kiapo kwamba hataisaliti klabu.

Mara kila mtu akatafuta viatu vyake. Idrisi kaondoka na ndala zangu.

Nimefika nyumbani pekupeku ndipo nikaelewa. Kiapo! Mwaka huu, hapa Embu, ambapo watu wanafungwa kwa neno hilo hilo, wakidaiwa kuwaapia waasi wa msituni. Mimi nilikuwa nawaza injini.

Jumapili, 27 Machi.
Homgadi wawili wenye bunduki za serikali wamenipeleka kambini. Karani Hezekiah, Mwembu wa Kanja, alikuwa mkalimani wa afisa kijana wa Kizungu. Wanachama wangapi? Mmoja. Nani kala kiapo? Hakuna, walikimbia. Afisa akafungua jarida. Akafunua polepole, akasahau kuniuliza. Akaweka kidole juu ya injini moja, akatabasamu peke yake. Nikajua nimepata mwanachama wa pili!

Akalitia jarida kwenye mtoto wa meza. Klabu imepigwa marufuku.

Mlangoni nilimuuliza Hezekiah habari za Mutegi. Akatazama nyuma kwanza.

"Bwana Yusuf, watu wanaogopa hata kivuli chao, na wewe unawaita giza ikiingia wakuje kuapa. Sasa unauliza ya Mutegi. Hiyo jina usitaje tena mahali watu wanasikia. Utatumaliza."

Nikamshukuru. Ana roho nzuri, ila ni mwoga.

Jumanne, 29 Machi.
Wateja wote wamehamia kwa Kasim. Mvua imeanza, na Ford isiyo na boneti imejaa maji. Kuku wamehamia dukani kwangu. Angalau wao wanakuja.

Lakini sikukaa bure. Nimeyachora magari yote kwa makaa ukutani, nyuma ya duka, kama ninavyoyakumbuka. Nimekifuta vumbi kigoda cha Mutegi. Nimetafakari kosa langu lilikuwa wapi, nimeliona: kiapo. Klabu mpya haitakuwa na kiapo hata kidogo. Watu watakuja kimya kimya, mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma, jua likizama. Watagonga, watataja neno la siri, nitafungua.

Neno la siri nimeshachagua. Ni jina ambalo siwezi kulisahau: Mutegi.