Mjomba Niliyemkumbatia Steji

Jamani, leo nimejiaibisha mpaka masikio bado yanawaka. Niko jikoni kwetu hapa Kitale. Nimefunga mlango na sitoki.

Mama na kaka yake hawajasemezana tangu nikiwa darasa la tatu. Walikosana juu ya ng'ombe wa nyanya, mama yao, na hakuna anayekumbuka vizuri ng'ombe mwenyewe alifanya nini. Tukahama Bokoli, kule Bungoma, tukaja huku, na mimi nikampoteza mjomba hivyo hivyo. Na mjomba ndiye alinilea! Yeye ndiye alinifundisha kusalimu watu wazima vizuri, kula kilichoko bila kuchagua, na kuendesha baiskeli (niliingia kwa migomba, lakini hilo si kosa lake).

Nimembembeleza kwa simu mpaka akakubali kuja. Leo, Mama akiwa kanisani, nikachinja kuku, nikapika, nikaenda steji ya matatu kumpokea.

"Nimevaa koti la kijivu na kofia," aliniambia asubuhi, kisha simu yake ikazima.

Kufika steji, huyo hapo kwenye benchi! Koti la kijivu. Kofia. Pua ya Mama kabisa! (Sasa hivi nikifikiria, ilikuwa pua tu.)

"Mzee, umetoka pande za Bungoma?"

"Ndiyo." Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe ndiye Nekesa?"

"Ndiye mimi!"

Nikamrukia. Nikamkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Mzee akasimama kama nguzo ya stima, mikono juu, macho yakitafuta msaada. Nikajiambia, haya, ni vile tumepoteana miaka mingi.

Nikasema tupande boda moja.

"Mimi na wewe pikipiki moja? Hapana!" Akachukua yake.

Nikashangaa, bana. Mtu alinibeba mabegani, leo ananikimbia?

Nyumbani nikapiga magoti nikamnawisha mikono. Nikampa firigisi, maana kwetu hicho ni kipande cha mtu wa heshima. Hapo akalegea kidogo. Akala. Kisha akaanza maswali.

"Unajua kulima?"

"Si wewe ulinifundisha?"

"Mimi?"

"Bokoli, kwa shamba la nyanya! Ulikuwa unanibeba mabegani. Siku moja nikakukojolea shingoni, ukacheka tu."

Mzee akaacha kutafuna.

"Mimi ni mtu wa Chwele," akasema polepole.

"Ulihamia lini?"

"Nilizaliwa huko."

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Lakini nikaona, ah, ni uzee. Nikamhurumia mpaka machozi yakaanza. Nikamshika mikono yote miwili nikatoa yaliyokuwa moyoni. Ati kila nikisalimu mtu mzima namkumbuka. Ati Mama ana kiburi, lakini kila Krismasi anajificha analia kwa sababu yake. Ati tafadhali amsamehe.

Mzee pia akatoa kitambaa akapangusa macho.

"Msichana wangu," akasema, "nimesamehe. Lakini mama yako alinikosea nini?"

Mlango ukafunguka. Mama huyo, Biblia kwapani.

"Nekesa, huyu ni nani?"

"Mama! Si ni kaka yako!"

Mama akamkagua. "Huyu? Yaani mimi nisimjue ndugu yangu?"

Mzee akaruka juu, kitambaa kikaanguka. "Mama, mimi nimekuja kuona msichana ambaye kijana wangu anataka kuoa. Nikaambiwa nitapokelewa steji na Nekesa. Sasa nimekuwa nikijiuliza tangu huko, ni msichana wa aina gani anakumbatia baba mkwe mbele ya watu!"

Wenye hamjui: kwetu mke wa kijana hamshiki baba mkwe hata mkono. Mimi nilimkumbatia. Nikampigia stori ya mkojo. Nikamlilia.

Simu yangu ikalia, namba ngeni.

"Nekesa, ni mjomba wako. Nimeazima simu ya mama mmoja wa njugu. Nimekungoja mpaka nimechoka. Na kuna msichana hapa analia, ati amepoteza baba mkwe."

Kabla nijibu, Mama akaninyang'anya simu. Akasikia sauti hiyo. Biblia ikamtoka kwapani.

"Kaka?" akasema. "Ni wewe? Kuja haraka. Kuja uone kitu mtoto wako amefanya!"

Wamefika, wote wawili, mjomba na yule msichana. Nilidhani Mama na mjomba watasalimiana kwa ubaridi. Wapi! Mama alianza kueleza, akafika kwa kukumbatia, akashindwa kuendelea. Mjomba akajishikilia kwa mlango. Sasa nawachungulia kwa ufa wa mlango: wamekaa kiti kimoja, wanacheka mpaka wanapigana mabega, na kila mmoja akinyamaza, mwingine anaanza tena. Nekesa yule mwingine amekaa kwenye kona ya mbali, kichwa chini, mikono imetulia. Mzee wa Chwele anamwonyesha kila mtu: "Sasa huyo! Huyo ndiye msichana!"

Mimi hata sijui kama nimepatanisha familia au nimeharibu jina.

Mkikutana nami mjini kesho, nawaomba kwa heshima zote, tuongee juu ya mvua.