Ombi la Kufungwa kwa Daraja Mpaka Wakwe Wajifunze Kusubiri

Ansumana Darboe,
Fundi Cherehani,
Soma, ng'ambo ya kusini.

Kwa Ndugu Msimamizi wa Daraja,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa raia ambaye hajawahi kukusumbua. Natumaini u mzima, na daraja nalo ni zima, ingawa hilo la pili ndilo linalonifanya nikuandikie.

Mimi ni mume wa Nyima na baba wa Tida, binti yetu pekee. Tida ameolewa Farafenni, ng'ambo ya kaskazini, na kijana anayeitwa Dembo Marong, fundi wa majokofu. Sina ugomvi na kijana. Ugomvi wangu ni na daraja lako, kwa sababu hizi zifuatazo.

1. Daraja limeudharau mto. Nchi yetu, Ndugu Msimamizi, haina kitu kingine. Wenzetu wana milima, wana almasi, wana jangwa la kujivunia. Sisi Gambia tuna mto na kingo zake, na hata jina tumeazima kwake. Wazee husimulia kwamba Waingereza walipanda mto na manowari, wakapiga mizinga kushoto na kulia, na kila kombora lilipoangukia wakachora mpaka. Sijui kama ni kweli, lakini ukitazama ramani huwezi kubisha. Karanga zetu zilishuka kwa mto, chumvi ikapanda kwa mto. Wasenegali wanaotuzunguka pande tatu, wakitaka kwenda kwa ndugu zao wa kusini, walilazimika kusimama hapa na malori yao, wakanunua mikate yetu na kutuamkia kwa adabu. Leo wanapita kama upepo. Hata mkono hawatupungii.

Tazama pia bendera. Nimeshona bendera za shule nyingi, naijua: nyekundu juu, kijani chini, katikati bluu ya mto, na ukanda mwembamba mweupe kila upande wa bluu. Daraja halimo. Ama libomolewe, ama tuelezwe lishonwe kwa uzi wa rangi gani.

2. Daraja limeharibu uposaji. Mimi nilimpata Nyima ndani ya feri. Nilikuwa nakwenda mnadani Farafenni na kondoo wawili, yeye anarudi kwao na beseni la samaki wakavu. Injini ikazimika katikati ya mto, maji yakatusukuma hadi kwenye mikoko, tukashinda humo. Kondoo wangu mmoja akatafuna pindo la kitenge chake. Akaniuliza, "Kaka, huyu mnyama ana njaa, au ndiyo tabia ya mwenyewe?" Mpaka tunakuja kuvutwa kwa kamba, nilishajua jina la baba yake na nyumba yao iko upande gani wa msikiti. Na nilipokwenda kuposa, foleni ya feri ilinichelewesha hadi kola nilizobeba, zile kokwa za posa, zikaanza kusinyaa. Marehemu baba mkwe akazishika, akazigeuzageuza, akasema, "Huyu amesubiri. Mpeni maji anywe." Sikuulizwa swali lingine.

Sasa sikia ya Dembo. Walitoka kwao baada ya kifungua kinywa, wakafika kwangu kabla chai haijachemka. Kola zao zilikuwa zinang'aa kama zimetoka mtini. Mjomba wake, Mzee Yusupha, ambaye ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu, hakungoja hata kukaribishwa. "Mtani, tumekuja kumchukua mtoto wetu. Ninyi mlikuwa mnatufugia tu. Na fanyeni upesi, maana wali wa kwenu najua mnauhesabu punje."

Nikamwambia, "Kaa chini, mlafi wewe. Babu zako hawakuwahi kuvuka mto huu kwa sababu kila mtumbwi uliona matumbo yao ukazama wenyewe."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa naumia. Nikatamka mbele ya wote kwamba sipokei kola ambayo haijapita majini.

3. Daraja limemfanya mkwe wangu kuwa shujaa. Dembo hakubisha. Alisema, "Sawa, baba," akaondoka. Wiki iliyofuata akakodi mtumbwi, akapiga kasia mwenyewe, naye kasia halijui. Maji yalikuwa yanakupwa, yakambeba hadi mbali huko chini. Alikuja kwangu kwa miguu, matope kiunoni, kiatu kimoja, kola amezifunga kichwani kwenye kilemba. Mzee Yusupha alikuwa ameshavuka kwa gari, ameketi kwenye mkeka wangu anakula. Akasema, "Haya mtani, kola zako hizo zimepita majini. Tope tumekuongezea bure."

Tida alitoka mbio na ndoo kumwosha miguu. Nilimtazama uso wake akimwosha, nikajua nimeshindwa. Sasa pima mwenyewe, Ndugu Msimamizi. Kama daraja lisingekuwepo, huyu angekuwa kijana wa kawaida aliyevuka mto kama sisi sote. Ni daraja lililompa nafasi ya kulikataa.

4. Daraja limeninyima kumuaga mwanangu. Siku ya kumpeleka kwa mumewe nilikuwa sijazungumza naye chochote. Nyumba ilijaa wanawake na ngoma, kila nilipokaribia mlango naambiwa baba pisha. Nikajipa moyo. Zamani msafara wa bibi harusi ulikwama kwenye foleni alasiri nzima, na baba alipata muda wa kununua soda, kukaa na binti yake kivulini, na kumwambia hili na lile. Basi nikavaa kanzu yangu mpya, nikatangulia mtoni, nikasimama pale palipokuwa na gati ya feri. Nilikuwa nimeshayapanga maneno. Nikasikia honi juu ya kichwa changu. Nilipoinua uso magari yalikuwa katikati ya daraja, na mkono mmoja umetoka dirishani unapunga. Sijui hata kama ulikuwa wake.

Jioni nilimwambia Nyima kwamba mto huu umechukua watoto wa watu wengi, ukawateremsha baharini wasirudi, na sasa umemchukua wa kwetu. Akaniambia, "Baba Tida, ona aibu. Wale waliibwa wakauzwa utumwani. Wa kwako yuko Farafenni anatundika mapazia." Nikaona aibu. Malalamiko hata hivyo yanaendelea.

Kwa hiyo naomba daraja lifungwe siku zote za harusi. Ikishindikana, kila msafara wa bibi harusi usimamishwe kwa kisingizio chochote, hata cha kukagua matairi, mpaka baba mtu aseme basi, yatosha. Na kama hilo nalo ni gumu, naomba mji wa Farafenni uhamishiwe huku kusini. Nchi nzima ilikatwa kwa mizinga ya meli moja. Kusogeza mji mmoja hakuwezi kuishinda serikali yenye wahandisi.

Nisalimie wote hapo ofisini, yule anayeinua kizuizi, mkeo, na mabinti zako kama unao. Kama unao, utanielewa. Jibu lako nitalisubiri, maana sisi wa zamani kusubiri tunakujua.

Wako mtiifu wa ukingoni,
Ansumana Darboe

Tanbihi: Nilikuwa sijaifunga bahasha Tida akapiga simu. Anasema ameshikwa na hamu ya mchuzi wa karanga wa mama yake, na kila kitu kingine akila anatapika. Nyima alicheka, kisha akalia, kisha akaanza kusaga karanga. Tumevuka na sufuria mapajani, na tulipoifunua kwa Tida mvuke ulikuwa bado unatoka. Amekula mchuzi wote, na tumezungumza mpaka Dembo akarudi kutoka kazini. Kwa hiyo nakuomba sana, ndugu yangu, daraja lisifungwe hata saa moja. Isipokuwa Jumapili, Tida anapokuja kwetu kutembea. Kama kuna ukarabati wowote mliokuwa mmeuahirisha, ufanyeni siku hiyo, yeye akishafika.