Ree Yangu na Mshenga Wake Bubu

Jumatatu, 4 Machi
Bosi ametangaza likizo. Watu watoke kwa zamu, tuelewane wenyewe nani aanze. Karakana yetu ya makochi ina watu wanne. Fundi Mkuu anapiga fremu. Mama Vitambaa anashona. Kobe anapaka vanishi na hajawahi kuharakisha jambo lolote maishani. Mimi najaza sponji.

Wiki ya kwanza lazima iwe yangu! Mke wangu yuko karibu kujifungua na daktari haipendi presha yake. Kasema asiachwe peke yake. Tangu siku hiyo silali. Mke mwenyewe analala vizuri tu. Kobe naye anaitaka wiki hiyohiyo, mdogo wake anaoa.

Ningeweza kuwaeleza wenzangu. Lakini jambo la presha naogopa hata kulitamka, lisije likanisikia. Nikapendekeza tucheze poka kila mchana hadi Ijumaa, kwa vifungo vya makochi. Atakayebaki na vingi achague wiki kwanza. Wakakubali. Fundi Mkuu akaweka sharti: marufuku kumwaga rundo zima kumtisha mwenzio. Kupandisha dau ni kifungo kimoja, na kwenye karata za mwisho ni viwili. Basi. Eti anataka amani kazini.

Amani! Nimekula nusu ya chakula changu.

Jumanne, 5 Machi
Poka ni hivi: karata mbili ni siri yako, tano za mezani ni za wote. Nimepewa ree, karata kubwa kuliko zote, na tatu. Mezani zikafunuliwa ree, tisa na mbili. Jozi ya ree! Jozi gani itaishinda hiyo? Moyo ukagonga kuliko nyundo ya Fundi Mkuu. Nikapandisha. Kobe akafuata. Nikapandisha. Akafuata, huku anajitoa vanishi kwenye kucha. Ukimya wake ukanitia hofu, nikapandisha tena ili kuuvunja. Akafuata.

Akafunua ree na mfalme. Jozi ileile, ila ree yake imesindikizwa na mfalme, yangu imesindikizwa na tatu. Mama Vitambaa akasema ree yangu imekwenda kuposa na mshenga bubu. Wote wakacheka. Mchezo huu haukuui mara moja. Unakumaliza kifungo kimoja kimoja.

Jumatano, 6 Machi
Mbinu mpya: ree yenye mshenga bubu ni ya kutupa. Nikapata ree na nne. Mezani ree, malkia, sita. Kobe akaweka kifungo. Kimoja tu! Nikamwona mfalme kila mahali, hata kwenye mabaka ya ukuta. Nikatupa.

Kobe akanionyesha karata zake. Jozi ya saba. Akasema kwa upole kwamba hata yeye kashangaa.

Nyumbani mke akauliza mbona nimepauka. Nikasema ni vumbi la sponji. Miguu yake imevimba. Niliitazama mpaka akaifunika kwa shuka.

Alhamisi, 7 Machi
Nina akili mimi! Asubuhi nimelisogeza kabati la mteja, lile la kioo kirefu, nyuma ya kiti cha Kobe. Mchana Kobe akasema jua linamwumiza macho, akaomba tubadilishane viti. Ningekataa kwa sababu gani? Nikahamia.

Siku ya ajabu. Nikiwa na karata nzuri, wote wanatupa. Nikiwa na ree na tano, wote wananipandishia. Nikaanza kuogopa kwamba nimerogwa. Mwisho Mama Vitambaa akanihurumia, akasema, “Baba, karata zako tunaziona kama nguo zilizoanikwa.” Nikageuka. Kioo! Fundi Mkuu akataka kujua nani kaliweka kabati pale. Nikaungana naye kulaani.

Ijumaa, 8 Machi
Vifungo vyangu vyote viliingia kwenye kiganja kimoja. Nikapata ree na saba. Mezani ree. Kobe akapandisha. Simu ikatetemeka mfukoni: shemeji, dada wa mke wangu. Nikaogopa kupokea. Nikaogopa kufuata. Nikaogopa kutupa. Simu tena. Nikafuata.

Shemeji akampigia Mama Vitambaa. Mama Vitambaa akasimama na mkasi mkononi. “Mkeo kakimbizwa hospitali! Presha imepanda!”

Nikasema bado karata ya mwisho. Nilisema hivyo kweli, kwa mdomo huu huu. Fundi Mkuu akaninyang'anya karata na kunisukuma nje.

Kobe akanipeleka kwa gari la kubebea makochi. Sikujua kwamba anaweza kukimbia vile. 

“Mbona hukusema mkeo yuko hali hii?” akaniuliza. “Wiki hiyo ningekuachia Jumatatu ileile.”

Nikamwuliza alikuwa na karata gani. Akanitazama mpaka nusura tugonge nguzo.

“Ree na nane.”

Nane!

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi la ukumbini. Salamu yangu haikuitikiwa. Kila mlango ulipofunguka, nilisimama. Mara nesi anakimbia, mara daktari anaingia bila kututazama. Niliahidi mambo mengi kimoyomoyo, pamoja na kuacha karata. Jioni nesi akatoka: mtoto wa kike, mama mzima, presha inashuka. Nikalia kwa sauti. Mama mkwe akanipa leso yake, akaniambia nisiirudishe.

Jumapili, 10 Machi
Mke bado wodini, lakini anacheka. Mtoto ana ngumi kubwa. Kobe kaniachia wiki yote, harusi ataiwahi Jumamosi. Mtu mwema sana, ingawa anacheza kwa bahati tu.

Limezuka suala la jina. Mama mkwe anataka la marehemu shangazi yake, jina refu kama treni ya mizigo; mimi nataka fupi. Mke akasema tuelewane mimi na mama yake, yeye amechoka. Nikatoa karata. (Ahadi ya Ijumaa ilihusu karata za kazini.) Nilidhani mama mkwe atanifukuza. Akavua miwani, akaifuta, akavaa. “Gawa, baba.”

Tukacheza kwa pipi za wageni. Atakayefilisika amekubali jina la mwenzake. Mchezo wa mwisho, nikapata ree na mbili. Mezani ree! Mama mkwe akapandisha bila hata kunitazama. Jasho likanitoka. Nikafuata. Akapandisha. Nikafuata hadi pipi zikaniisha.

Akafunua ree na ghulamu, mdogo wa malkia.

Mtoto amepata jina. Mke ameshalifupisha.

Nimetafakari njia nzima hadi nyumbani na kosa nimeliona. Ree yangu ilikuwa ya kopa nyekundu. Ya shupaza nyeusi isingeniangusha. Kesho mama mkwe anataka tuamue ataishi kwetu kwa muda gani. Nimemwambia alete karata.