Pingamizi la Mwonjaji Mkuu Dhidi ya Glasi Kumi Zisizo na Majina

Chumba cha Kuonjea Mvinyo,
Ghorofa ya chini, mkabala na ghala.
Jumanne asubuhi.

YAHUSU: KUPANULIWA KWA FURSA MPAKA ZIKANIFIKIA MIMI

Mheshimiwa Mama Mkurugenzi,

Natumaini wewe na watoto hamjambo, na baba yako mzee, aliyeniajiri mimi kabla hajakuachia kiti, magoti yake yamepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, ila chakula hakipiti tangu Ijumaa, siku uliponibandikia tangazo kwenye mlango wa chumba changu bila hata kubisha hodi.

Tangazo linasema kwamba, ili kupanua fursa za wanawake na watu wa jamii ndogo katika kazi ya mvinyo, cheo cha Mwonjaji Mkuu, ambacho ni changu, kitashindaniwa. Kila mshindani atapewa glasi kumi zenye namba tu, aseme upi mvinyo mzuri na upi umeharibika. Waliojiandikisha ni watatu. Wa kwanza ni mimi, kwa kulazimishwa. Wa pili ni Mama Mapipa, anayeosha mapipa na kunichotea sampuli. Wa tatu ni yule mpakiaji tunayemwita Mgeni, kwa kuwa yuko hapa miaka kumi na minne tu.

Ieleweke kwamba mimi sina neno na wanawake. Mama yangu mzazi alikuwa mwanamke. Wewe sikuhesabu, kwa sababu wewe ni Mkurugenzi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Pua. Mwanamke hufundishwa kunusa bure, tangu utotoni, jikoni kwa mama yake. Mke wangu akiwa uani anaanika nguo anajua maharage yameanza kushika chini, na mimi niko hatua tatu kutoka kwenye sufuria, nasoma gazeti langu kwa amani mpaka moshi unifikie. Maziwa yakiharibika ananusa kifuniko tu, anamwaga. Sasa mtu mwenye mazoezi ya miaka arobaini utamshindanishaje na sisi wanaume, ambao hakuna aliyetuachia hata nafasi ya kukaribia jiko? Huo usawa mnaouhubiri uko wapi? Kama ni haki, wanawake wote wangezibwa tundu moja la pua.

2. Adabu. Unajua kwamba mwonjaji husukutua mvinyo mdomoni, kisha huutema kwenye ndoo. Mama Mapipa hutema akiwa amesimama, hatua nzima kutoka kwenye ndoo, na tone halianguki sakafuni. Nimemwona kwa macho yangu. Mama wa watu wazima, mwenye wajukuu! Mimi kwa miaka ishirini na miwili sijatema hata mara moja, kwa heshima ya kampuni. Nameza. Jioni nyingine dereva wako ndiye hunifikisha nyumbani, na sijawahi kulalamika.

3. Lugha. Daftari la kuonjea lina lugha yake, na lugha hiyo nimeijenga mimi. Mvinyo mzuri naandika "una mwili mzuri na tabia njema." Ulio bora zaidi naandika "una msimamo." Hakuna mnunuzi aliyewahi kuniuliza maana yake, na hiyo ndiyo heshima ya utaalamu. Mwezi jana Mgeni alipita na toroli, akanusa glasi moja mezani kwangu bila kuombwa, akasema mvinyo ule unanuka gunia lililolowa. Gunia! Mbele ya wanunuzi! Tukaenda kuangalia, na kweli nyuma ya pipa lile kulikuwa na magunia yaliyolowa, bomba lilikuwa linavuja. Lakini je, ilikuwa lazima aseme? Bomba lingezibwa kimyakimya na fundi, na daftari langu lingebaki na "tabia njema" yake. Akishika cheo mtu wa namna hii, wanunuzi wataanza kuelewa tunachowauzia.

4. Udogo wa jamii. Hapa naomba unisome polepole, mwanangu, maana nimeifikiria hoja hii siku nne. Jamii ya Mgeni ni ndogo, nakubali. Akizungumza lugha yake hapa kazini anajijibu mwenyewe. Lakini ukiwakusanya wao wote, na bibi zao, wanajaza ghala na wengine wanabaki mlangoni. Wanawake ndio kabisa, wamejaa kila mahali. Sasa nitajie, katika kampuni hii nzima, Waonjaji Wakuu wako wangapi? Yuko mmoja. Hakuna jamii ndogo kuliko mtu mmoja. Kwa hiyo fursa zote zilizotengwa kwa ajili ya jamii ndogo, kwa haki kabisa, ni zangu, na wala sihitaji kufanyiwa mtihani ili nipewe.

5. Kiti. Hiki sikutaka kukiandika. Kiti cha chumba cha kuonjea kimeshika umbo langu. Nimeoa kwa sababu ya kiti hiki, maana baba mkwe alikuwa amekataa mpaka aliposikia kazi yangu ni ipi. Mtaani hata watoto wananiita Mwonjaji, jina langu la kuzaliwa wamelisahau. Nikikosa cheo hiki, sijui nitakuwa nani, na hakuna kazi nyingine ninayoijua. Naogopa, Mama Mkurugenzi. Naandika hivi kwa sababu wewe nilikubeba mabegani ukiwa mdogo, ukinivuta masikio tuzunguke mapipa.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo. Mtihani uruhusiwe kwa yeyote, mwanamke au mwanamume, wa jamii kubwa au ndogo, bila ubaguzi, ilimradi awe amewahi kuwa Mwonjaji Mkuu kwa miaka isiyopungua ishirini. Fursa za wanawake zipanuliwe kwa upana, si kwa kwenda juu: Mama Mapipa aongezewe mapipa. Mgeni apewe toroli jipya, na apigwe picha akiwa nalo, picha itundikwe pale mapokezi ambapo wageni wote wataona tunavyowajali. Wakiuliza kama na mimi nimo kwenye mpango huo, waambiwe ndiyo, nimo kama mfano wa kuigwa. Na lile tangazo libanduliwe taratibu, rangi ya mlango wangu isitoke.

Nisalimie mzee, mwambie kiti bado ni kile kile. Wasalimie akina dada wa masjala, dereva, mlinzi wa zamu ya asubuhi, na wote wanaoniulizia. Hata Mama Mapipa nimemsalimia leo, ingawa amenijibu kwa ufupi.

Ni mimi, ambaye mpaka naandika mstari huu bado ni,
Mwonjaji Mkuu.

Nyongeza: Ikiwa mtihani ni lazima ufanyike, nina ombi moja dogo tu. Nasikia seremala anapima mbao za kututenganisha, ili kila mwonjaji akae peke yake asimwone mwenzake. Mbao hizo zisiwekwe. Kiti changu kikae kama kilivyokaa siku zote, kikitazamana na Mama Mapipa. Tangu yale mafua mabaya ya miaka mitatu iliyopita, pua yangu haisikii hata kitunguu kikikatwa chini yake. Yeye huonja kila sampuli kabla ya kunipa, na mimi humtazama usoni. Akiinua nyusi, naandika mzuri. Akikunja pua, naandika umeharibika. Kwa miaka mitatu hatujakosea, ila siku ile ya gunia tu, ambayo yeye hakuwapo kazini, na sikudhani kama yeye mwenyewe anajua. Ila tangu Ijumaa anaonja glasi zote bila kutikisa hata ukope, anaiweka glasi mezani, anakunja mikono, halafu ananitazama mimi. Naomba aandikiwe barua ya onyo kwa kuficha taarifa za kazi.