Plagi Nne na Jicho la Mama Mkwe

Jumapili, 3 Machi

Imekuwa! Ijumaa mimi ndiye nitakayempeleka mama mkwe hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Nimejitolea mezani, mbele ya watu wote, kabla shemeji hajameza tonge. Shemeji ni kaka wa mke wangu. Ana pikapu kuukuu isiyo na mbio wala haya, na kila safari ya familia ni yeye tu. Safari hii ng'o! Mimi nina gari lenye turbo.

Mama ameisubiri zamu hiyo miezi saba. Saa mbili kamili asubuhi uwe mlangoni. Ukichelewa, unarudishwa mwisho wa foleni. Binti yetu ana mwaka na nusu, na bibi yake anaujua uso wake kwa vidole tu. Leo alimpapasa pua, akauliza ni pua ya kwetu, upande wa baba, au ya kwao.

Kuna jambo dogo. Gari linamisi. Ukikanyaga mafuta linashtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Na hospitali iko juu ya mlima. Lakini hakuna anayejua ila mimi.

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu anajua. Anasema hata majirani wanajua, wanasikia kila nikirudi.

Nimekwenda kwa Bibi Spana, fundi wa gereji ya kona. Mwanamke mkavu, hana utani na mteja. Alichomoa plagi ya kwanza, akainusa, akaniwekea kiganjani. Nyeusi ti! Masizi makavu. Zote nne hivyohivyo. Akasema petroli haiungui sawasawa kwa sababu cheche ni dhaifu. Zitiwe plagi mpya, na nafasi ile ya nchani, ambayo mafundi wanaiita gepu, iwe nyembamba. Turbo inasukuma upepo mwingi ndani ya silinda. Gepu ikiwa pana, cheche inazimika kama kiberiti mbele ya feni. Kisha niende nikalijaribu mlimani. Akarudia: mlimani, barabara tambarare haisemi kweli. Nilete gari Jumatano, kazi ya saa moja.

Ningekubali. Haki ya Mungu ningekubali. Lakini nani alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri kubadilishiwa oili? Shemeji! Akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema niache ufahari, mama atampeleka yeye.

Nikachukua plagi zangu, nikazirudishia palepale. Nikamwambia Bibi Spana nashukuru, nimeshaelewa, kazi hiyo naimudu mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Uchunguzi wa kitaalamu. Silinda ya pili ndiyo mgonjwa mkuu: ukichomoa waya wake, injini wala haijali. Nikahamisha koili yake, kile kinachoipa plagi umeme, nikaipeleka silinda ya tatu. Koili ikiwa mbovu, ugonjwa unahama nayo. Ugonjwa haukuhama! Kwa hiyo koili ni nzima. Kwa hiyo gari ni zima. Uchafu tu.

Nimelala mchana kwa furaha.

Jumatano, 6 Machi

Nimesugua plagi zote kwa tupa ya kucha ya mke wangu. Zinang'aa. (Tupa imekwisha. Nimeirudisha kwenye droo, nimejitia hamnazo.)

Halafu ile gepu. Bibi Spana anasema nyembamba. Nimekaa nimefikiri. Cheche ikipewa uwanja mpana, si itakuwa cheche kubwa? Na cheche kubwa si ndiyo nguvu? Nimezipanua zote kwa ncha ya ufunguo. Kipimo: ukucha wa kidole gumba. Uingie, na ubaki na nafasi ya kupumua.

Nimewasha. Lo! Limetulia kama paka aliyeshiba. Nimepita mbele ya nyumba ya shemeji mara tatu, kioo chini, kiwiko nje. Mke wangu ameuliza mbona sijaribu mlimani. Nimemwambia mlima haukimbii.

Shemeji nimemwambia zamu ya mama imesogezwa mpaka Jumatatu. Si uongo mkubwa. Siku tatu tu.

Alhamisi, 7 Machi

Taa ya injini imewaka. Haikuwaka tu, inapepesa. Nimeibandika plasta.

Nimepita gereji ya kona. Bibi Spana alikuwa amesimama getini, mikono kiunoni, akainua nyusi. Mguu wangu ulitaka breki. Moyo ukakataa. Nikampungia mkono, nikapita.

Mama mkwe amepiga simu. Mkoba ameufunga tangu juzi. Ameuliza kama gari halina neno, maana anaogopa kuikosa zamu, na miezi saba mingine haiwezi. Anataka kumwona mtoto kabla hajakua akamkimbia. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nimeapa.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tumetoka saa moja na nusu. Mama mbele, mke wangu nyuma na mtoto. Tambarare, gari safi kabisa. Nikaanza hata kupiga mluzi. Tukafika mlimani. Nikakanyaga. Turbo ikavuta. Tu! Tu! Tu! Gari zima linaruka, moshi mweusi nyuma, harufu ya petroli mbichi. Mama akauliza nani anagonga. Nikasema barabara mbovu, mama. Barabara ni ya lami mpya.

Nikakanyaga zaidi. Likazidi. Likajikongoja, likasimama katikati ya mlima. Plasta ikadondoka, taa ikanikodolea macho. Saa mbili kasorobo. Nikawasha, likazima. Nikawasha, likazima. Mama ameukumbatia mkoba wake. Mke wangu akageuka kutazama nyuma.

Nikatazama kioo. Pikapu!

Kumbe ilikuwa nyuma yetu tangu nyumbani. Mke wangu alimpigia kaka yake simu Jumatano hiyohiyo, akamwambia siku ya kweli. Shemeji hakucheka. Hilo ndilo limeniuma. Alimshika mama mkono, akamhamisha polepole. Kabla ya kupanda, mama alinitafuta kwa vidole, akanishika bega, akasema pole mwanangu. Afadhali angenitukana.

Wamefika zimebaki dakika tatu. Mimi nilibaki mlimani na jiwe chini ya tairi.

Jumapili, 10 Machi

Jana mama alifunguliwa jicho! Alimkalisha mjukuu mapajani, akamtazama muda mrefu, chumba kizima roho juu. Kisha akasema pua ni ya kwao. Tukalia wote. Hata shemeji. Mimi nimelia zaidi, sifichi. Halafu akageuka akanitazama, akauliza mbona mikono yangu myeusi vile.

Bibi Spana ametia plagi mpya. Alipima kila gepu kwa kibati chembamba, milimita sifuri nukta saba, hakubahatisha hata moja. Tukapanda mlima pamoja. Halikukohoa. Akaniambia nisiguse kitu chini ya boneti mpaka jicho la pili la mama nalo lipasuliwe. Nimeapa mbele ya mama, mke na shemeji. Nimejifunza. Basi!

Jumanne, 26 Machi

Jicho la pili ni keshokutwa, Alhamisi. Bila kuulizwa nikasema napeleka mimi. Mama na mke wangu wametazamana, lakini gari ni zima, watakataaje?

Leo nimefungua boneti. Kutazama tu. Nimechomoa plagi moja, kutazama tu. Gepu nyembamba kiasi hicho! Cheche inabanwa, inanyanyasika. Nikakaa nikafikiri, na kosa langu la ile Ijumaa nimelipata, liko wazi kabisa: nilipimia kidole gumba. Turbo inataka kidole kidogo!

Nimezichomoa zote nne, nimezipanua, nimezirudisha. Paka aliyeshiba. Mlimani sijaenda, mlima haukimbii.

Simu ya mke wangu iko mfukoni mwangu mpaka keshokutwa, anaitafuta chini ya kitanda. Na shemeji nimemwambia ni Jumatatu.